Vitanzi Hamsini na Tatu vya Mama

Nitakachokuambia hapa hutakiamini, na sikulaumu. Mimi mwenyewe niliyekuwepo, kwa miguu yangu miwili na macho yangu mawili, kuna asubuhi naamka najiuliza kama ni kweli dada yangu alimvua sanamu nguo mchana kweupe, mbele ya watu waliovaa viatu vya gharama. Alimvua. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki.

Nimesoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukijumlisha ni la nane. Asinidharau mtu. Naandika mezani kwa Dada, kwenye daftari lake la vipimo vya watoto wa shule. Yeye yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha, sindano zinagongana ka-ka-ka, na anadhani najaza fomu ya maji. Mwache adhani.

Mtaani wananiita Redio. Ni yeye aliyeanza. Anasema naongea hata kukiwa hakuna anayesikiliza, na betri zangu haziishi.

Dada yangu anafuma masweta. Hiyo ndiyo kazi, hiyo ndiyo starehe, hiyo ndiyo namna yake ya kukasirika. Mume wake aliondoka kwenda kutafuta kazi, akapata kazi pamoja na mke, na Dada siku aliyoletewa habari alifuma sweta zima la mtoto wa darasa la kwanza kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri bila kunyanyua kichwa. Nilikuwepo. Ukitaka kujua hali ya hewa ya nyumba hii husikilizi taarifa, unasikiliza sindano. Zikienda polepole, kaa, utapewa chai. Zikienda mbio, kumbuka una mahali pa kwenda. Zikinyamaza kabisa, kimbia.

Sasa sikiliza habari ya kitanzi, lile duara dogo la uzi linalokaa kwenye sindano, maana bila kitanzi hakuna kisa.

Mama yetu hakufundishwa kufuma na mtu. Alijifunza kwa macho. Jirani alikuwa akikaa upande wa pili wa ua anafuma, amemwelekea, na Mama anafua huku anatazama. Lakini mtu aliyekuelekea, mkono wake wa kulia uko kushoto kwako. Mama alichukua alichokiona hivyo hivyo, uzi akauzungusha kinyume, na tangu siku hiyo kila kitanzi kilichotoka mikononi mwake kilikaa kimepishanisha miguu yake miwili ya uzi, kama bwana anayesubiri chai. Vitanzi vya wafumaji wengine wote hukaa miguu sambamba. Vya Mama, vimepishana.

Sweta la vitanzi vya namna hiyo halivutiki. Kulivaa ni ugomvi, kulivua ni kesi. Mimi niliwahi kukwama kichwa ndani ya sweta darasani, mikono juu, na mwalimu akanichapa akidhani nalikimbia swali la hesabu. Fundi mmoja wa masweta alipita siku moja akamwambia Mama, "Mama, unakosea tangu mwanzo." Mama akamjibu bila kusimamisha sindano, "Wewe fuma zako, mimi nifume zangu, halafu tuone watoto wa nani watasikia baridi." Kweli, hatukusikia baridi. Tulisikia kubanwa tu.

Dada alijifunza akiwa amekaa ubavuni kwa Mama, si mbele yake, kwa hiyo kosa alilichukua zima. Baadaye alijifundisha njia ya watu, maana shule zilirudisha masweta, walimu wakilalamika kwamba watoto hawatoki ndani yake. Ndiyo maana mpaka leo masweta ya shule anafuma kama watu, na ya nyumbani anafuma kama Mama. Kitanzi kilichopishanisha miguu hakiuzwi. Ni cha kwetu.

Miaka tisa iliyopita, saa tisa alasiri, Mama alikuwa amekaa kwenye kiti hicho hicho cha dirishani akifuma sweta langu. Langu mimi. Kijani ya majani ya muhogo, kifua kipana, kwa sababu mimi nina kifua. Mgongo ulikuwa tayari, mikono tayari, kifua amefika katikati. Akaweka sindano mapajani akasema, "Ngoja nipumzishe macho kidogo." Hakuyafungua tena.

Aliachia katikati ya mstari. Sindano moja ilikuwa na vitanzi hamsini na tatu alivyokwisha kuvifuma, nyingine ilikuwa na hamsini na tisa vinavyosubiri. Dada alivihesabu siku ile ile, kabla hata majirani hawajafika. Akachomeka vizibo vya chupa kwenye ncha za sindano zote mbili ili kitanzi hata kimoja kisichomoke, akakunja kila kitu pamoja na bonge la uzi lililobaki, akakifungia kwenye kabati. Niliwahi kumwambia, "Dada, si ulimalizie tu, nivae?" Sindano zikanyamaza. Nilikimbia.

Kuna watu wanatunza picha. Dada alitunza nusu mstari. Kila mwezi alilitoa, akalianika nusu saa kivulini, akahesabu: hamsini na tatu, hamsini na tisa. Akalirudisha.

Sasa ingiza mpwa wangu. Binti pekee wa Dada, msomi, mbunifu wa mavazi. Huyu mtoto alichora nguo kabla hajajua kuandika jina lake, na nani alimnunulia penseli? Nisijisifu. Aliajiriwa na mwanamke mmoja mwenye karakana kubwa ya mitindo ghorofani, ambaye kila mtu anamwita Madam, mpaka mlinzi, mpaka nadhani mama yake mzazi. Madam alikuwa anaandaa maonyesho, akawaambia wabunifu wake kila mmoja alete kitu cha kazi ya mikono kutoka nyumbani kwao, kitu cha kuwaamsha akili.

Binti akaja mbio. Dada hakuwepo, alikwenda kupeleka masweta shuleni.

"Mjomba," akaniambia, "nimekaa wiki mbili natazama karatasi tupu. Kichwani kuna kitu kimoja tu. Kitanzi cha Bibi. Nikilipata lile sweta nilitazame kwa karibu, nikalichora, najua nitatoa kitu."

"Mwombe mama yako."

"Unamjua Mama. Wiki moja tu, Mjomba. Kwani sweta ni la nani? Si lako?"

Hapo alinishika. Kweli, sweta lilikuwa la nani? Lilipimwa kwenye kifua cha nani? Na ufunguo wa kabati nilijua ulipo, chini ya kopo la vifungo, umefungwa kamba nyekundu. Nikafungua kwa mkono wangu. Nikatoa kwa mkono wangu. Nikasema kwa sauti ya mwenye mali, "Chukua, mwanangu. Wiki moja." Nikafunga kabati, nikarudisha ufunguo, nikakaa nikijiona mtu mkubwa.

Siku ya kumi na moja Dada alifungua kabati ili aanike.

Alisimama na mlango wa kabati mkononi kama mtu aliyeshika mlango wa lori. Kisha akachukua simu akampigia binti yake, akaiweka kwa sauti ya juu ili mikono yake ibaki huru, sijui kwa ajili ya kumnyonga nani.

"Liko wapi?"

"Mama... liko kwenye maonyesho."

"Nililiacha kabatini, wewe unaniambia maonyesho. Sindano ziko ndani?"

"Mama, ngoja kwanza nikueleze."

"Nakuuliza, sindano ziko ndani ya vitanzi?"

"Mama, nilikwenda kununua vitambaa siku mbili. Niliporudi, Madam alikuwa amempa fundi wa mashine. Wame... wamelimalizia, Mama."

Dada akakata simu. Akakaa. Mikono ikawa inatembea hewani bila sindano, peke yake, inafuma hewa.

"Wamemmalizia mama yangu," akasema.

Nilipaswa kusema pale pale kwamba ufunguo nilitoa mimi. Nilifungua mdomo. Unajua kilichotoka? "Vijana wa siku hizi hawana adabu." Ndiyo. Nilisema hivyo, mimi, Redio, mwenye betri zisizoisha. Siku tatu nzima Dada alimlaani binti yake kwa kufungua kabati lake, na siku tatu binti alipopiga simu hakupokelewa, na mtoto yule hakunitaja. Angeweza. Hakunitaja. Nilikiri baadaye, na namna nilivyokiri nitakuambia mwishoni, maana ilikuwa ya kishujaa.

Siku ya nne Dada alivaa nguo zake nzuri, akatia mkasi mdogo wa nyuzi kwenye mkoba, akasema, "Twende."

"Wapi?"

"Usijifanye mjinga. Wewe ni mjinga, lakini usijifanye."

Tulipanda ngazi ghorofa nne. Ukumbi ulikuwa mweupe kama hospitali ya matajiri, taa kila pembe, na watu wameshika glasi ndogo wanazungumza kwa sauti za puani. Kuta mbili zilikuwa zimejaa nguo za Madam: makoti, magauni, skafu ndefu kama kamba ya kisima. Na katika kila moja, kwa uzi mnene kama kidole ili hata kipofu aone, kilikuwepo kitanzi chetu. Kimepishanisha miguu. Juu yake maandishi ya dhahabu: KITANZI CHANGU, na jina la Madam.

Chake! Mama alichekwa kwa kile kitanzi maisha yake yote. Mimi nilichapwa viboko kwa ajili ya kile kitanzi. Leo kimekuwa cha mwanamke ambaye hawezi kushona kifungo!

Katikati, chini ya taa kubwa kuliko zote, sanamu la mbao lisilo na kichwa lilikuwa limevaa sweta langu. Kijani. Zima. Kola ipo, mabega yameunganishwa. Na kwenye kikaratasi kigumu: SWETA LISILOMALIZIKA, SASA LIMEKAMILIKA. MFUMAJI HAJULIKANI.

Dada alikisoma mara mbili, kidole kikifuata maneno.

"Hajulikani," akasema. Akageuka. Binti yake alikuwa amekuja mbio, macho mekundu. "Hukuwaambia jina la bibi yako?"

"Niliwaambia, Mama. Nililiandika mwenyewe. Madam amelitoa."

Na Madam huyu hapa, manukato yakimtangulia. "Karibuni sana! Ninyi ndio familia? Mmeona tulivyompa heshima?"

"Kwa nini mfumaji hajulikani?" Dada akauliza. "Mjukuu wake unamwona hapa kila siku."

"Ah, mama yangu, jina linaharibu hisia. Mtu akisoma hajulikani, anawaza mikono yote ya wanawake wote. Unaona?"

"Naona. Na jina la pili mmeliandika kwa nini?"

"Lipi?"

"Hilo la dhahabu. Lenyewe haliharibu hisia?"

Kuna mtu alicheka nyuma kisha akajifanya anakohoa. Madam akatabasamu kwa meno tu. "Tuelewane, mama. Tulilipokea likiwa limekufa kwenye sindano. Sisi tumelipa uhai."

Ningependa kukuambia Dada alipiga kelele. Hakupiga. Alinyanyua mikono ya sanamu moja moja, kwa upole, kama anamvua mtoto aliyesinzia, akalivuta lile sweta. Likakwama mabegani, bila shaka, sweta la kwetu. Akavuta tena. Sanamu likaanguka mwaa! Dada akakaa kwenye kijukwaa cha sanamu, akalitandaza sweta mapajani, akatoa mkasi.

"Mlinzi!" Madam akapiga yowe. Mlinzi akaja, mzee mmoja mpole. Akamtazama Dada, akautazama mkasi, akaenda kusimama karibu na dirisha.

Hapo Dada alinitazama mimi.

"Redio. Lilikuwa lako hili. Sasa ni zima. Ukilitaka hivi lilivyo, sema, nitakuvalisha hapa hapa na tutaondoka."

Usiniulize nilihisi nini. Miaka tisa. Nililiona kifua kile, kipana, kimekaa sawasawa. Nikanyoosha mkono nikapapasa. Chini kulikuwa kugumu, kunabana, kunakwaruza, kama sauti ya Mama. Juu, karibu na kola, kulikuwa laini na kulegea kama sweta la mtu yeyote. Mashine haijui kukosea.

"Fumua," nikasema.

Akakata mshono wa mabega, akakata wa ubavuni, akatafuta mwanzo wa uzi kwenye kola, akavuta. Uzi ukatoka trrrrr, mstari baada ya mstari, na binti yake akapiga magoti sakafuni na nguo yake ya sherehe, akaanza kukunja bonge. Mmoja anavuta, mwingine anakunja.

Lakini wasiwasi wangu ulikuwa mmoja, na wa Dada vilevile, niliona kwenye shingo yake. Mashine haiwezi kuanzia katikati ya mstari. Fundi yeyote mwenye haraka angefumua ile nusu ya Mama kwanza, aanze na mstari safi. Na uzi ulikuwa ule ule wa bonge lake, kwa hiyo hakuna fundo la kuonyesha mpaka. Kama nusu mstari ilifumuliwa, basi ilikwisha, na hakuna mkasi wala hasira itakayoirudisha.

Fundi wa mashine alijitokeza kutoka nyuma ya pazia, mtu mwembamba, mikono ameifuta kwenye aproni mpaka imekuwa myekundu.

"Mama," akasema, "polepole ukikaribia. Niliambiwa niifumue ile nusu. Nilishika uzi, nikashindwa. Niliona kama naingia chumba cha mtu. Nikaumalizia mstari kwa mkono, halafu ndipo nikatia mashine."

Madam akamgeukia. "Nilikuambia nini wewe?"

"Uliniambia nifumue, Madam. Sikufumua."

Dada alipunguza mkono. Mistari ya mashine ikaisha. Ukabaki mstari mmoja, nusu huku, nusu kule. Akaanza kutoa kitanzi kimoja kimoja kwa ukucha. Miguu sambamba. Miguu sambamba. Miguu sambamba. Binti akatoa kwenye mkoba wake zile sindano mbili, na vizibo vyake, alikuwa anatembea navyo siku zote, akaanza kupokea kila kitanzi kilichobaki wazi kabla hakijachomoka. Ukumbi mzima ulisogea. Wale wa sauti za puani walikuwa wanahesabu pamoja nao kimoyomoyo, midomo inacheza.

Kisha ukucha wa Dada ukasimama. Kitanzi kilichofuata kilikuwa kimepishanisha miguu.

Akahesabu kutoka pale mpaka ukingoni. Akahesabu tena kurudi.

"Hamsini na tatu," akasema.

Binti akachomeka kizibo cha mwisho. Dada akamshika mkono, ule wenye sindano, akaung'ang'ania, lakini uso wake haukulegea hata kidogo. Akasimama mbele ya Madam.

"Sikiliza. Kitanzi chukua. Fuma makoti, fuma mapazia, mfumie na ng'ombe. Mama yangu naye alikichukua kwa jirani kwa macho. Lakini alikichukua kibaya na akakivaa kibaya, hakusema ni chake. Hilo jina la dhahabu utalishusha leo. Na mtu akifa katikati ya mstari, hujaitwa wewe kummalizia."

"Umeharibu maonyesho yangu!"

"Bado. Nitakaa hapa mpaka lishuke. Nina uzi wa kutosha."

Akakaa. Akatoa sweta la shule kwenye mkoba, akaanza, ka-ka-ka, mbio ile unayoijua. Jina lilishushwa kabla hajafika kwapani. Fundi ndiye aliyeleta ngazi. Binti hakurudi tena kule. Siku hizi anachorea kwenye meza hii hii, ukutani mbele yake amebandika mchoro mmoja tu, sweta linaloishia katikati, na kila nguo anayochora haina mwisho upande mmoja. Wateja wanauliza kama ameishiwa na uzi. Anawajibu kama bibi yake. Na Dada? Hajamsamehe Madam, wala hana mpango. Akimtaja, sindano zinakwenda mbio mpaka paka anatoka nje.

Sasa kukiri kwangu, kama nilivyoahidi. Ilikuwa pale pale ukumbini. Watu walikuwa kama mia tatu, wengine wamesimama juu ya viti. Nikapanda kijukwaani, nikampokonya Madam maikrofoni, nikasema kwa sauti iliyotikisa taa, "Ndugu zangu! Kabati lile halikufunguliwa na mtoto huyu! Ufunguo niliutoa mimi, na kama kuna wa kulaumiwa, basi kifua changu hiki hapa, na..." 

"Maikrofoni gani?"

Dada amesimama nyuma yangu. Sindano zilinyamaza saa ngapi? Sikusikia.

"Fomu ya maji ina maikrofoni?"

"Dada, nilikuwa tu nanogesha kidogo..."

"Watu mia tatu! Walikuwa arobaini pamoja na sanamu. Na ulikiri kwenye ngazi tukiwa tunashuka, ghorofa ya pili, umeshika mkoba wangu, makamasi yanatiririka. Tena nilikuwa najua tangu siku ya kwanza. Ufunguo ulirudi kamba ikiwa imefungwa kwa lile fundo lako la viatu. Nilikuwa nangoja tu uwe mtu, useme."

"Sasa si nilisema?"

"Hukumaliza hata sentensi. Futa hayo. Andika ulivyosema, neno kwa neno, na uishie ulipoishia."

Nimeyakata kwa mstari mmoja. Yuko hapa begani kwangu, anasoma. Tulikuwa ghorofa ya pili, mkoba wake mkononi mwangu, sweta ndani yake, na nilisema: "Dada, ule ufunguo, ni mi